Paka wa Jirani Aingiapo Nyumbani Mwako

Katika wanyama wote wanaofugwa na binadamu, paka peke yake ndiye atokaye kwao bila ya ruhusa, akaingia nyumba ya watu bila ya hodi, akachagua penye ubaridi pa kumridhi, akalala usingizi wa raha, na aamkapo akawatazama wenyeji kana kwamba wao ndio waliochelewa kufika. Ng'ombe akitoroka zizini husakwa mpaka apatikane. Mbuzi akila mboga za mtu, mwenyewe huitwa akalipe. Hata kuku akitaga uani kwa jirani, yai lake laweza kuzua maneno. Paka huachiwa njia. Hapana ashangaaye kumwona paka wa mtaa wa Mkunazini, huku Unguja, juu ya paa la nyumba ya mtaa wa Kiponda, wala hapana aulizaye amefuata nini huko. Walakini paka huyo huyo azidishapo ziara zake, akawa hakosi mlangoni kila wakati wa kupakua, ndipo mwenye nyumba aingiapo katika mashaka: amlishe au amfukuze, amfanye wake au amrudishe kwao, anyamaze au aende akazungumze na mwenyewe?

Makala haya yamekusudiwa kulijibu swali hilo, na jibu lenyewe nalitanguliza ili msomaji ajue twendako: jambo la paka mgeni ni jambo la nyumba mbili, na mnyama ni mjumbe tu apitaye baina yao. Mwenye kulishika hilo hupata wepesi katika kila tatizo litakalomkabili. Mwenye kulisahau huanza na kipande cha samaki, akaishia kwenye ugomvi na jirani.

Asili ya utembezi wake

Yafaa kwanza tumjue mgeni wetu. Wanyama wengi tunaowafuga walikamatwa na watu wa kale, wakafungwa, wakazoezwa kazi. Ama paka, kwa kadiri elimu ya leo ionyeshavyo, alikuja mwenyewe. Uchunguzi wa nasaba za paka uliotangazwa mwaka 2007 ulibainisha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, ambaye wataalamu humwita Felis lybica, na ambaye jamaa zake wangali wakiishi porini hata katika Afrika yetu ya Mashariki. Watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, panya walifuata nafaka na paka akawafuata panya. Na katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la takriban miaka 9,500 iliyopita, ambamo mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Mapatano ya paka na binadamu, basi, yalikuwa ya hiari tangu mwanzo: yeye apate riziki, nasi tupumue na panya. Mnyama aliyeingia nyumbani kwa hiari yake si ajabu akiona kwamba milango yote ni halali kwake.

Na sisi watu wa pwani tumemjengea miji ya kumfaa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama bega kwa bega, na vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Sisi twauona mji huo kutoka chini, kwenye mabaraza na milango ya nakshi. Paka auona kutoka juu, na huko juu ni mapaa yaliyokaribiana, kuta zenye upana wa kutembelea, na madirisha yaliyoachwa wazi ili upepo upite. Wako washukao Forodhani jioni, wakazunguka chini ya meza za pweza na mishkaki. Wako waamkiao mtaa wa Malindi, samaki washushwapo. Na wengi ni wa nyumbani kabisa, ila hupita nyumba mbili tatu kabla ya jua kuchwa. Lamu ni hivyo hivyo, na Mji wa Kale wa Mombasa kadhalika.

Hata hivyo paka harejei nyumba moja kila siku bila ya sababu, na sababu zake aghalabu ni nne. Ya kwanza ni chakula: maumbile yake ni ya mwindaji wa vijinyama vidogo, hula kidogo kidogo mara nyingi kutwa, na kwa hiyo aweza kula nyumba tatu na kila nyumba ikadhani ndiyo peke yake imlishayo. Ya pili ni utulivu: huenda kwao amezaliwa mtoto, au ameletwa mbwa, au wanajenga na nyundo hazinyamazi, na kwako amepata ngazi yenye kivuli asipokanyagwa mkia. Ya tatu ni haja ya dume na jike, maana dume asiyehasiwa hutembea mbali sana kutafuta mwenzi na kulinda mipaka yake. Ya nne husahauliwa na wengi: yamkini nyumba hiyo ilikuwa yake kabla hujahamia wewe. Paka hushika mahali kama ashikavyo watu, na akihamishwa pasipo kufungiwa ndani wiki mbili tatu ayazoee makao mapya, hurudi kwenye mlango wa zamani. Hapo yeye ndiye mwenyeji, na wewe ndiwe mgeni.

Tena akijisugua shavu miguuni pako usidhani ni mahaba matupu. Pembeni mwa mdomo, kidevuni na kwenye shina la mkia ana tezi zitoazo harufu ambayo pua zetu haziipati, na kwa kujisugua hukutia alama yake, akakuhesabu miongoni mwa vitu vya himaya yake. Watoto wa nyumba hufurahi, husema paka amewachagua. Na kwa kweli amewachagua, ijapokuwa asubuhi ile ile amekwisha kuichagua nyumba nyingine.

Ujue kwanza kama ana mwenyewe

Kabla ya kutenda lolote, mwenye nyumba apeleleze. Paka mwenye watu hujulikana kwa dalili: manyoya yake ni safi na yamelala, mbavu hazihesabiki, akisikia sauti ya sahani huja mbio mkia wima, na akishikwa hashtuki. Ama paka shume, yaani dume la mitaani lisilo na kwao, hukaa mbali, hutazama kando, na akikaribiwa hutoweka juu ya ukuta. Baina ya hao wawili wako wa katikati, ambao walikuwa na watu wakaachwa, na hao ndio wanaotatiza hukumu. Ukiona ncha ya sikio moja imekatwa sawasawa, jua kwamba hiyo ni alama itumiwayo na madaktari wa mifugo wa nchi nyingi kwa paka aliyekwisha kuhasiwa au kufungwa kizazi, na kwamba yuko mtu au jumuiya iliyopata kumgharamia. Ukiona jike mwenye chuchu zilizovimba na manyoya yamemtoka tumboni, yuko ananyonyesha, na wanawe wako mahali wakimngoja. Usimfungie ndani hata kwa saa chache, kwani utawaua wasioonekana.

Kule England jambo hili limewekewa kanuni: tangu tarehe 10 Juni 2024 kila paka wa nyumbani aliyepita umri wa wiki 20 sharti atiwe chini ya ngozi kijidude cha utambulisho, ambacho daktari hukisoma kwa chombo akajua jina na anwani ya mwenyewe. Kwetu wenye kijidude hicho ni wachache mno, na chombo cha kukisomea hakipatikani kila mahali. Lakini kwetu yako mabaraza, na baraza moja la wazee waliokaa baada ya alasiri laweza kukueleza nasaba ya paka mpaka kwa bibi yake. Anza hapo. Ikiwa baraza halikujua, iko njia nyingine ya busara. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, andika juu yake kwamba paka huyu hututembelea, mwenyewe atafadhali kutupigia simu, kisha utaje nambari yako. Uzungushe ukanda shingoni mwake kwa nafasi ya kupitisha vidole viwili, na ncha zake uzishike kwa kipande kidogo cha karatasi ya gundi. Usitumie uzi wala kamba. Karatasi ikinaswa na msumari hukatika, paka akaenda zake salama. Uzi ukinaswa humnyonga. Akirudi kesho bila ya ukanda, huenda umedondoka njiani, basi mvishe mwingine. Lakini mara nyingi simu hulia kabla ya hapo.

Mwenyewe akijulikana, ndipo lifikapo jambo ambalo watu wengi hulikimbia, nalo ni mazungumzo. Chukua mfano wa mama kijana aliyehamia karibuni Kiponda, ambaye paka wa kijivu humjia kila adhuhuri, naye ameambiwa kwamba huenda ni wa ajuza wa nyumba ya tatu. Hapeleki ujumbe kwa mtoto, wala hasemi kwa sauti dirishani ili asikike. Anajifunga kanga yake, anakwenda mwenyewe.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Bibi, nimekuja na neno dogo. Yuko paka wa kijivu, ana doa jeupe kifuani, hutujia kila adhuhuri. Nimesikia huenda akawa wako."

"Ndiye Shabani huyo! Kumbe mchana huwa kwenu? Nami nasema mbona siku hizi chakula hakigusi, nikadhani maradhi yamemzidi. Amekuharibieni kitu?"

"Hasha, bibi, hajaharibu kitu. Watoto wampenda, wao humwita Mawingu. Nimeona nikuulize kabla hatujampa chochote, isije ikawa twakuudhi."

"Ahsante, mwanangu, kwa kuniuliza. Samaki wa chumvi msimpe, daktari kamkataza. Figo zake hazina nguvu. Maji mpeni. Na ikiingia magharibi mwambieni aende kwao."

Mazungumzo hayo hayachukui muda wa kuchemsha chai, na angalia yaliyopatikana ndani yake. Mgeni ametanguliza salamu, amemweleza paka kwa sifa zake bila ya kumshitaki, na ameomba ridhaa kabla ya kutenda. Naye ajuza, aliyekuwa tayari kusikia malalamiko, amejibu kwa ukarimu na kutoa habari ambayo hapana mtu angeliijua kwa kumtazama mnyama: kwamba ni mgonjwa, na kwamba tonge la ng'onda ambalo angetupiwa kwa huruma lingemdhuru. Hata pale ambapo paka ameharibu, ameiba kitoweo au amekojolea jamvi, mlango ni huo huo: anayeanza kwa kusema paka wako mwizi huwa amemtukana mwenyewe, ila anayesema "Bibi, tufanyeje na kijana wetu huyu?" hupata mwenzi wa kumsaidia.

Chakula ndicho kifungo

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na katika maneno hayo imo sheria nzima ya jambo hili. Paka alaye kwako kila siku amekwisha kuwa wa nyumba. Na akiisha kuwa wa nyumba huna tena uso wa kumfukuza, wala mwenyewe hana tena paka. Ni kwa sababu hiyo nasema kwamba kumlisha paka wa mtu pasipo idhini, ijapokuwa kwa nia njema, ni kuingia katika milki ya mtu. Mwenyewe hujipa tabu kumtafuta usiku, hununua chakula kisicholiwa, humpa dawa ya minyoo bila ya kujua kwamba nyumba ya pili nayo imempa jana yake, na mwisho huona mnyama aliyemlea tangu macho hayajafumbuka akimpita mlangoni bila ya kumtazama.

Ikiwa mwenyewe ameridhia, basi mpe kinachomfaa. Paka ni mla nyama kwa maumbile, hawezi kuishi kwa wali na mchuzi wake, na hata utamu wa sukari ulimi wake hauupati. Samaki wa kuchemshwa asiye na chumvi wala miba, au kipande cha nyama tupu, vyamtosha. Maziwa, ambayo kila mtu hudhani ndiyo hidaya kubwa ya paka, huwaharisha wengi wao, kwa kuwa wakiisha kukua matumbo yao huwa hayana tena nguvu ya kuyayeyusha. Kinywaji chake ni maji. Vitunguu maji na vitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake, na kwa hiyo mabaki ya mchuzi wetu na pilau yetu si chakula chake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, ikamchoma kooni na tumboni. Chokoleti ni sumu kwake.

Hadhari iliyo kubwa kuliko hizo ni ya dawa. Vidonge vya paracetamol tumezavyo sisi kwa homa na maumivu ya kichwa vyaweza kumwua paka, hata kidonge kimoja, kwani ini lake halina uwezo wa kuiondoa sumu yake mwilini. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa zina permethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka hutetemeka nayo mpaka akafa. Ukimwona paka wa jirani mgonjwa kazi yako ni kumjulisha mwenyewe, na kumjulisha upesi. Hasa ukiliona dume linachuchumaa mara kwa mara, linajikamua, na mkojo hautoki. Hiyo ni njia ya mkojo iliyoziba, na asipofikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo huenda asimalize siku mbili tatu.

Kumzuia bila ya kumdhuru

Lakini si kila mtu atakaye paka, na hapana sheria wala ada imlazimishayo kumpenda. Yuko mwenye pumu, yuko mwenye njiwa na vifaranga, yuko ambaye kitoweo chake cha siku ni vibua vitatu tu na kimoja kimekwenda. Mtu huyu naye ana haki yake, na kuidai si ukatili.

Dawa ya kwanza imo jikoni mwetu tangu zamani: kawa. Chakula kilichofunikwa kwa kawa la ukindu lililosukwa vyema, na kitoweo kilichowekwa katika kabati la wavu lenye kitasa, havimpi paka sababu ya kurudi. Na paka asiyepata kitu kwa siku nyingi mfululizo hubadili njia yake. Nasema mfululizo kwa makusudi. Ikiwa baba humfukuza na mtoto humtupia utumbo wa samaki chini ya meza, hata kama ni mara moja kwa wiki, mnyama atafuata ile mara moja, tena kwa uvumilivu zaidi kuliko angelikuwa akipewa kila siku, maana hajui ni siku ipi bahati yake. Nyumba nzima na iwe na neno moja. Baada ya hapo ni kazi ya mikono: wavu wa waya kwenye dirisha la jikoni, tundu la njiwa lenye mlango wa kufunga, mawe au makumbi ya nazi juu ya udongo wa vyungu vya maua ili asipafanye choo. Maganda ya machungwa na ndimu nayo hutumiwa, maana paka wengi huichukia harufu yake. Kupiga makofi na kunyunyiza maji baridi yatosha kumwondoa. Maji ya moto, mawe na fimbo ni dhulma.

Dume likinyunyiza mkojo ukutani, pasafishwe kwa maji na siki wala pasitumiwe dawa yenye amonia, kwani harufu ya amonia hufanana na ya mkojo, ikamwita aje kutia alama upya. Na hapa jirani ana msaada mkubwa wa kutoa, ukimwomba amhasi paka wake: dume lililohasiwa hupunguza kutembea, kupigana na kunyunyiza. Ikiwa wewe pia una paka wako, ombi hilo lina uzito zaidi, maana paka wapiganapo huumana, majeraha hutunga usaha, na yako maradhi ya damu ya paka yasiyo na tiba yapitayo kwa meno.

Maradhi yaliyo ya kweli

Kuhusu afya ya watu, yasemwayo ni mengi na yaliyo ya kweli ni machache, ila hayo machache ni mazito. La kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humshika paka pia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba maradhi haya huua takriban watu 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na dalili zikiisha kudhihiri kwa mtu karibu hapana aponaye. Paka aliyekuwa mpole akageuka ghafla mkali, akatokwa na udenda, akayumba au akashindwa kumeza, asishikwe na mtu yeyote. Ajulishwe mwenyewe na daktari wa mifugo. Mtu akiumwa au akiparurwa na paka wa namna hiyo, au na paka asiyemjua, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali akapate chanjo. Asilipake pilipili, wala mafuta ya taa, wala udongo. Kwa sababu hii swali la kwanza la kumwuliza mwenye paka, likiisha lile la chakula, ni kama mnyama amechanjwa.

La pili ni vimelea vya toksoplasma, vitokavyo katika mavi ya paka, ambavyo kwa watu wengi havileti dhara kubwa, lakini vyaweza kumdhuru mtoto tumboni ikiwa mama ameambukizwa wakati wa mimba. Haina maana kwamba mjamzito amkimbie paka. Maana yake ni kwamba kazi ya kuzoa mavi na kuchimbua udongo wa bustani aachiwe mtu mwingine, na mikono ioshwe. Paka mwenyewe hutoa vimelea hivyo kwa wiki chache tu, aghalabu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na havina nguvu ya kuambukiza mpaka vikae nje siku moja au zaidi; kwa hiyo mahali pasafishwapo kila siku hatari yake hupungua sana.

Haki tatu

Dini ya wakazi wengi wa pwani imelitazama jambo hili kwa macho ya huruma. Imepokewa kwa Kabsha binti Kaab kwamba alimtilia maji ya udhu mkwewe, Abu Qatada, akaja paka kutaka kunywa, naye mzee akakiinamisha chombo mpaka mnyama akashiba. Na alipoona Kabsha anastaajabu alimweleza kwamba Mtume alikataa kumhesabu paka kuwa najisi, akamweka miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Upande wa pili iko habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Mtu akiziweka habari hizo mbili pamoja huona mpaka ulipo: mpitaji apewe maji na njia, wala asifungiwe.

Na serikali nazo zimesema. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na katika zote mbili kumtesa mnyama ni kosa. Mwenye kutega sumu kwa ajili ya paka mmoja hajui italiwa na nani: kuku wa jirani, kunguru atakayeiangusha juu ya tangi la maji, au mtoto atambaaye. Basi haki ziko tatu, nazo hazigongani: mnyama asidhulumiwe, mwenyewe asinyang'anywe, na mwenye nyumba asilazimishwe.

Zimebaki hali mbili zinazozusha maswali. Jike la jirani likizaa katika ghala yako, usiwahamishe watoto, kwani mama akishtuliwa huwabeba mmoja mmoja kwa meno akawapeleka pabaya zaidi. Mjulishe mwenyewe, wape kivuli na maji, na uwaache wanyonye. Macho yao hufumbuka baada ya siku saba hadi kumi au zaidi kidogo, na wasitengwe na mama yao kabla ya wiki nane. Ama milki yao, mtoto wa mnyama humfuata mama: hata wakizaliwa juu ya kitanda chako, ni wa jirani, na atakupa kwa hiari yake akitaka. Hali ya pili ni ya paka aliyeachwa na watu waliohama. Huyu usimtangaze kuwa wako siku hiyo hiyo. Uliza majirani, mwambie sheha wa shehia yako au mjumbe wa mtaa, tafuta nambari ya simu ya waliohama, ngoja majibu, na wakati wa kungoja mlishe kama amana. Wakisema hawamtaki, au wakikosekana kabisa, ndipo umchukue kwa ukamilifu wake, pamoja na chanjo, dawa ya minyoo na gharama ya kumhasi. Maana kumpa tonge leo na kumsahau kesho si wema, ni kumzoesha kutegemea kisichotegemeka.

Msomaji mwema, ikiwa hivi sasa yuko paka usiyemjua amelala kwenye ngazi yako, mwekee maji, funika chakula chako kwa kawa, na kabla ya kumtupia hata kichwa cha dagaa vaa viatu ukabishe hodi kwa jirani. Ukifika, uliza mambo matatu tu: ni wako, hula nini, na amechanjwa?